Tochi ya Kung'ata

Mfuko wa suruali ya kazi umeshonwa mara tatu.
Nyamizi kasema wa nne hashoni:
"Ama ihame tochi, ama uhame wewe."
Na kweli, ile ya betri tatu ni mchi.
Ukipanda ngazi ya behewa inakugonga paja
kama mtu anayekudai.
Miaka kumi na mmoja nimezunguka nayo stesheni ya Tabora,
hapa reli inapojigawa, moja Mwanza, moja Kigoma,
nikikagua breki abiria wamelala,
na aliyechungulia dirishani aliona mwanga unapita,
paja hakuliona.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jumamosi nikaenda kwa Mihayo, nyuma ya soko.
Akanipangia tochi kumi na mbili juu ya kioo.
"Hii, kaka, ukiiwasha hapa inamulika Kitete,
mgonjwa anaamka akidhani kumekucha."
Nikamwambia sina mgonjwa Kitete.
Ninachokitafuta kiko karibu na pua yangu:
pini, nati, ufa.
Mwanga mkali chini ya behewa hugonga chuma
ukakurudia machoni,
ukabaki unaona vidoa vya kijani
na kupapasa grisi kama kipofu mgeni.

"Basi hii, ina rangi tatu na king'ora."
Nikaisogeza pembeni.
"Hii ya kuchaji?"
Ikinizimikia Usoke saa nane za usiku
nitaichomeka wapi, kwenye mninga?
Nataka inayokula betri moja,
ile ile ya saa ya ukutani,
ambayo hata kioski cha chumvi na viberiti hakikosi.

Mihayo akanuna. Akainama chini ya meza
akatoa kitu urefu wa kidole cha kati,
cheusi, hakina mbwembwe,
kimekaa humo mpaka boksi limefifia maandishi.
"Hii hainunuliwi. Watu wanasema ni ya mtoto."

Nikavuka nayo hadi kwa Mama Shija, muuza asali,
nikaiweka kwenye mizani yake inayonata.
Gramu arobaini na mbili, betri ikiwa ndani.
"Yai la kienyeji," akasema,
"tena la kuku anayeanza kutaga."

Nikabonyeza mara moja: mwanga hafifu, wa adabu.
Mara ya pili: wa kutosha kazi.
Hakuna mara ya tatu. Nikafurahi.
Ndipo nikaitia kinywani, nikaing'ata,
mikono yote miwili nikaiachia hewani
kana kwamba nimeshika spana na nyundo,
nikageuza kichwa kushoto, kulia,
meno yakatulia, shingo haikulalamika.
"We bwana!" Mihayo akapiga kelele toka ng'ambo.
"Ukishaiuma umeinunua!"
Nilikuwa nimeshainunua tangu kwenye mizani.

Usiku wa jana, behewa la saba, la unga.
Nikagonga gurudumu. Gurudumu zima hulia kengele;
hili likanijibu kama chungu kilichoungwa.
Nikalala chali juu ya kokoto, tochi menoni,
duara la mwanga saizi ya sahani ya chai,
nikafuata chuma taratibu, inchi kwa inchi,
mate yakinidondoka shavuni,
hadi nikauona: mwembamba, unywele wa mtoto,
umeanzia ukingoni unaelekea ndani.
Nikachora msalaba kwa chaki.
Behewa likakatwa, likabaki.
Asubuhi huko Kigoma kuna mtu amelaani reli
kwa kuchelewesha unga wake, na ana haki.

Alfajiri nikarudi nyumbani kwa miguu, mwezi bado upo,
sikuwasha kitu.
Mfuko haujachanika. Paja limesahau.
Ila wepesi nao una kasoro yake, Nyamizi hajaijua:
kila hatua kumi
nasimama, najipapasa,
nione kama bado ninayo.